Kitalu Chini ya Mfupa

Hebu weka kidole hapo kwenye panja lako, kati ya pembe ya jicho na sikio. Unajua kuna nini chini yake?

Usiniambie ni mfupa tu. Mfupa upo, ila hapo ndipo ulipo mwembamba kuliko sehemu nyingi za kichwa, mwembamba kama kigae cha kikombe cha chai. Nyuma ya mfupa huo, umeubana kabisa, unapita mshipa wa damu. Madaktari wanauita ateri ya utando wa ubongo. Ukilisikia jina hilo utadhani unakwenda kuulisha ubongo. Hauendi. Shika neno hilo, maana hasira yangu yote imekaa juu yake: mshipa ule hauulishi ubongo, unalisha nguo ya ubongo.

Nguo ndilo neno walilolitumia Shirika la Mbeleko walipokuja kwetu Wundanyi mara ya kwanza. Walituita ukumbi wa kanisa, wakatuwekea mezani kichwa cha plastiki kinachofunguka kama sufuria yenye kifuniko. Dada aliyetumwa alikuwa na sauti nzuri, na kucha safi. Akasema ubongo umevaa nguo tatu. Ya ndani kabisa ni nyororo, imeushika ubongo na kuingia kila mkunjo wake, kama karatasi iliyolowa. Ya katikati ni nyepesi kama utando wa buibui, na chini yake kuna maji, ubongo unaelea humo. Ya nje ndiyo ngumu.

"Kama turubai," akasema, akaivuta kwa vidole ili tuone haichaniki. "Na hii turubai ina damu yake. Damu ya ubongo inapanda kwa mishipa mingine. Hii inachepuka kutoka kwa mshipa unaolisha uso na taya, inaingia kwa tundu dogo chini ya fuvu, kisha inagawanyika kama mti, tawi la mbele na tawi la nyuma. Kwa hiyo tukipanda kitu kwenye turubai, ubongo hatujaugusa. Mtu mwenyewe hatujamgusa."

Tukapiga makofi. Nami nilipiga.

Walichokuwa wanapanda ni mbegu. Ukiziona utadhani ni chembe za ugoro. Nusu ni uhai na nusu ni waya, zinakunywa damu ya ule mshipa, zinaota kitalu kwenye turubai ya mtu mzima. Kitalu kikikomaa kinatuma mawimbi ya utulivu kwa mtoto mwenye kifafa, kupitia kidude anachovaa nyuma ya sikio. Utauliza kwa nini wasimpandie mtoto mwenyewe. Nami niliuliza. Turubai ya mtoto imegandana na mfupa, ukiibandua unamuua. Ya mzee kama mimi nayo imegandana tena. Ni mtu mzima kijana tu ndiye ana nafasi ya kuingiza kijiko, kwa hiyo mtu mzima anambebea mtoto mpaka mtoto apevuke. Ndiyo maana wakaiita Mbeleko. Jina tamu. Ukitaka kumnyang'anya mtu kitu, kipe kwanza jina la kitu anachokipenda.

Jirani yangu ana mtoto anaitwa Ndighila. Mtoto yule alikuwa akianguka mpaka mara tatu kwa siku. Siku moja aliangukia jikoni, mkono ukaingia kwenye makaa, na kovu lake mpaka leo limevuta ngozi toka kiwiko hadi kifundo. Mjukuu wangu Wakesho ndiye aliyemtoa mle motoni. Wakesho nilimlea mimi, tangu mama yake atangulie, na wakati huo alikuwa mwalimu wa shule ya upili, anafundisha jiografia. Alirudi kutoka ule mkutano wa kanisani akiwa ameshaamua.

"Nyanya, nitambeba Ndighila mpaka avunje ungo," akaniambia. "Na wewe usiniulize tena habari za harusi. Mtoto ninaye tayari, tena hanyonyi."

Akapandwa. Kovu lake lilijificha kwenye nywele, huwezi kulijua mpaka asuke. Na Ndighila akaacha kuanguka. Hilo silipingi, nitakuwa mwongo nikilipinga. Mtoto alipanda mti kwa mara ya kwanza maishani akiwa na miaka saba, mama yake akasimama chini analia na kumtukana ashuke.

*

Ghala letu lina dirisha la chuma linalofunguka nje, la zamani, lenye kona kali usawa wa kichwa. Kila mtoto aliyekulia nyumba hii ana alama yake. Jumamosi ile Wakesho aliinama chini yake kuokota kisu, akainuka kwa haraka. Nilisikia mlio. Akakaa chini kwenye majani, ameshika panja la kulia.

"Hili dirisha linanidai nini?" akasema, akacheka. "Nilipokuwa darasa la pili lilinipiga hapa, leo limekuja kumalizia."

Nikalowesha kitambaa, nikamwekea. Hapakuwa na damu, uvimbe tu mdogo. Nilimwambia akalale, akasema atalalaje na viazi havijamenywa. Tukakaa barazani na beseni katikati yetu. Akanisimulia kuhusu mwanafunzi wake aliyeandika kwenye mtihani kwamba Mto Voi unaanzia kwenye tangi la kaunti. Alicheka mpaka akaangusha kiazi. Maganda yake yalikuwa membamba, unaona mwanga kupitia kwayo. Aliwahi kunitania kwamba ya kwangu mtu angeweza kuyakaanga akashiba.

Kisha jua liliposogea akasema kichwa kinagonga. Halafu akatapika. Halafu akaniita jina la marehemu mama yake, na ulimi ulikuwa mzito. Nikatoa simu mfukoni mwa aproni, na sasa nisikilize vizuri: nilikuwa bado natafuta namba, gari la Mbeleko likaingia uani. Lile lisilo na dereva. Sikuwa nimempigia mtu yeyote.

Siku ile nilimshukuru Mungu kwa gari hilo. Sikujiuliza limejuaje.

*

Zahanati yao iko Voi, jengo la vioo. Daktari aliyenipokea ni binti wa huku huku kwetu, anaitwa Saru, wa upande wa Mgange. Nilifurahi kusikia Kitaita. Jumatatu waliponiruhusu kumwona Wakesho, alinishika mkono mpaka kitandani.

Wakesho alikuwa amelala, kifua kinapanda na kushuka. Mashavu yake yalikuwa na joto. Nikamgusa, nikamwambia daktari kwamba anaendelea vizuri, naona rangi imemrudi.

"Kaa kidogo, nyanya," Saru akasema.

Akawasha picha ukutani. Kichwa cha mjukuu wangu kilikuwa pale, kikubwa kama mlango. Nje, kwenye ile turubai, palikuwa na mti wa damu wenye tawi moja lililokatika upande wa mbele, na tawi la nyuma linang'aa, limezungukwa na kitalu kama majani mabichi. Nilipokuwa mdogo babu yangu alinipeleka kwenye jabali ambako wazee wa ukoo walikuwa wakiwekwa, vichwa vyao, zamani kabla ya makanisa. Fuvu moja lilikuwa limepasuka, na ndani yake niliona mifereji iliyochorwa kwenye mfupa, imetawanyika kama mishipa ya jani. Babu hakujua ni nini. Alisema labda ni njia ambazo mawazo yake yalipita. Sasa niliziona njia zile zina damu ndani.

"Na hapa katikati?" nikauliza. Maana katikati palikuwa peusi tupu.

"Hapo ndipo ubongo, nyanya. Tawi la mbele lilichanika alipojigonga. Damu ikavuja kati ya mfupa na turubai, kidogo kidogo, ikaukandamiza ubongo mpaka damu ya ubongo ikashindwa kupanda. Damu ya turubai inapita njia nyingine, kwa hiyo yenyewe haikuzuiwa."

"Kwa hiyo amekufa."

"Ubongo wake umekufa."

"Nimekuuliza yeye."

Akanimiminia maji. Kisha akasema kile alichokuwa ametumwa kusema. Kwamba kitalu kiko kwenye tawi la nyuma na kina afya. Kwamba mashine ikiendelea kumpumulia, Ndighila hataanguka. Kwamba sheria inasema nguo ya ubongo si ubongo, kwa hiyo mbebaji anaweza kuendelea kubeba iwapo ndugu yake wa karibu atasema ndiyo kwa sauti yake.

"Mpaka lini?"

"Mpaka Ndighila avunje ungo."

"Ana miaka minane, Daktari."

"Najua, nyanya."

"Mnataka alale hapa miaka minne, mitano, kama jiko la kuchemshia nyumba ya jirani?"

"Hasikii maumivu."

"Sijakuuliza kama anasikia. Na nikikataa?"

"Tunazima leo hii. Tunakupa mwili."

Alitamka neno mwili kwa namna iliyonifanya nimtazame. "Na kichwa?"

Saru akaangalia vidole vyake. Kumbe katika maneno ambayo Wakesho aliyakubali, kitalu ni mali ya shirika, na kikifia humo hakitenganishwi na mahali kilipoota. Kichwa kingebaki Voi.

"Wewe ni wa Mgange," nikamwambia. "Nenda kamwambie bibi yako kwamba umemzika mtoto wa watu bila kichwa. Mwambie kwa Kitaita. Nataka nijue utatumia maneno gani."

"Nyanya Mghoi, niambie unataka nini. Nitajaribu."

Nikatoka nje.

*

Kwenye benchi la nje alikuwepo Mama Ndighila, na chupa ya chai, na mtoto ubavuni. Alikuwa amesafiri asubuhi hiyo kunifuata. Ndighila alikuwa akinyoosha mkono wenye kovu, anajaribu kuwapa sisimizi makombo ya mkate.

"Anti Wakesho bado amelala?" akaniuliza. "Mwambie nimejua kuendesha baiskeli bila kushika."

"Utavunja meno," nikamwambia.

"Hata yeye alisema hivyo. Mnasema maneno sawa."

Unaona walivyonifanya? Walinipa kisu, wakaniletea na mtoto akicheka, kisha wakasema, nyanya, amua. Nikisema ndiyo, mjukuu wangu anageuzwa sufuria. Nikisema hapana, kile kidude nyuma ya sikio lile dogo kinanyamaza, na ndani ya juma moja yuko chini, na safari hii huenda hakuna mtu wa kumtoa makaani. Nilimchukia mtoto yule kwa muda wa kumeza chai. Kisha nikamfuta makombo kwenye kidevu.

Mama yake hakunitazama usoni. Alizungusha kifuniko cha chupa, akakifunga, akakifungua.

"Kuna jambo, nyanya. Nimeshindwa kula."

"Sema."

"Jumamosi ile walinipigia simu, hawa watu. Saa za chakula cha mchana, chakula kilikuwa bado jikoni. Waliniuliza kama Ndighila yuko sawa. Walisema wameona kitu kimetikisika upande wa mbebaji. Nikawaambia mtoto yuko sawa, anacheza. Wakaniuliza je, mbebaji ninaweza kumwona? Nikachungulia juu ya ua. Nikawaona ninyi wawili barazani, mnacheka. Nikawaambia," na hapo akakifunga tena kifuniko, "nikawaambia mbebaji yuko salama, anamenya viazi."

Ndighila aliacha kulisha sisimizi, akatutazama.

"Wakasema asante, wakakata," Mama Ndighila akasema. "Ningejua, nyanya. Ningeruka ule ua."

"Wewe hukusomea," nikamwambia. Nilimwambia kweli, bila ukali. Nilikuwa na ukali mwingi, lakini haukuwa wa kumpa yeye. "Niletee huyo mtoto. Tunarudi ndani."

*

Saru alikuwa bado pale pale, kando ya kitanda. Niliwaweka Mama Ndighila na mtoto mlangoni. Ndighila alimwona Wakesho, akaanza kumwendea, mama akamshika bega.

"Jumamosi zamu ilikuwa ya nani?" nikauliza. "Ya kutazama hizo picha."

Aliitazama mashine ikipumua. "Yangu."

"Uliona saa ngapi?"

"Kabla ya chakula cha mchana. Nguvu ya damu ilishuka kwenye tawi la mbele."

"Ukajua ni nini."

"Nilidhani... Tuliambiwa yuko macho, anazungumza, anacheka."

"Usiniletee viazi vya Mama Ndighila. Wewe umesomea kichwa miaka mingapi? Mtu akigongwa hapa, mshipa huu ukachanika, anaweza kuinuka na kucheka?"

"Anaweza," Saru akasema polepole. "Anaweza kuinuka, akazungumza vizuri kwa saa kadhaa. Kisha ghafla anazama. Tunafundishwa hivyo mwaka wa tatu."

"Na katika hizo saa kadhaa akipasuliwa?"

"Wengi wanapona."

Mama Ndighila alitoa sauti ndogo. Mimi sikutoa. Nilitaka kumpiga yule binti kwa kile kiti cha chuma, na nikikueleza kwamba mkono wangu ulishakishika, uamini.

"Basi niambie mliloambizana humu ndani."

Akaniambia. Ili kusimamisha damu ile, mpasuaji angeufunga mshipa chini kabisa, kabla haujagawanyika matawi. Tawi la mbele lingekauka, na la nyuma lingekauka nalo, na kitalu kingekufa. Alipiga simu kwa wakubwa. Wakubwa wakasema mishipa midogo wakati mwingine hujiziba yenyewe, tusubiri, mbebaji yuko macho. Akasubiri. Alipoona haijizibi alituma gari.

"Wao walisema tusubiri," akarudia.

"Wao hawakuwa wakitazama. Wewe ulikuwa unatazama."

Nilimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Kijana, ngozi nyororo, hana mvi hata moja.

"Kitalu kinaweza kuhamishwa?" nikauliza.

"Kwa mbebaji mwingine? Ndiyo, kikiwa bado na damu. Lakini hatuna mbebaji. Tangu habari za Wakesho zitoke, wote walioandikishwa wamejiondoa. Mama Ndighila mwenyewe tulishampima, mshipa wake ni mwembamba mno."

"Nipeni mimi."

"Ya kwako imegandana na mfupa, nyanya. Mlishaambiwa kule kanisani."

"Wewe je?"

Akashtuka kana kwamba nimemmwagia maji. "Watumishi hawabebi. Ni kanuni ya shirika."

"Kanuni hiyo waliiweka kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ya usalama wa..."

Nikamwacha na hiyo nusu yake. Nilikuwa nimekaa na subira maisha yangu yote, nimesubiri mvua, nimesubiri matokeo ya mitihani ya watoto wa watu. Kumsubiri binti mmoja hakukuwa kazi. Ndighila ndiye aliyejipenyeza chini ya mkono wa mama yake. Alienda kitandani, akachukua mkono wa Wakesho, akaulaza juu ya kovu lake, kama walivyokuwa wakifanya wakikaa barazani.

"Una moto," akasema.

Saru akamtazama yule mtoto kwa muda mrefu. Kisha akapandisha mkono, akajigusa panja, pale pale nilipokwambia uguse.

"Nitabeba," akasema. "Upasuaji unaweza kufanyika kesho. Kitalu kikishika kwangu, nitazima mashine mwenyewe, na Wakesho atarudi kuzikwa Wundanyi akiwa kamili. Na kichwa chake. Kikishatoka kitalu, hawana cha kudai ndani yake."

"Watakufukuza."

"Hawawezi kumfukuza anayebeba mali yao." Alijaribu kutabasamu, ikamshinda. "Watanitazama tu kwenye picha, mchana na usiku."

"Basi uombe anayetazama asiwe kama wewe."

Akalipokea hilo bila kuinamisha kichwa. Nilisema ndiyo yangu, kwa sauti, mashine ikaisikia: ndiyo mpaka kesho, si siku moja zaidi. Mama Ndighila alikuwa analia ukutani. Nilimpangusa Wakesho paji la uso kwa ukingo wa leso yangu. Lilikuwa na joto zuri, la mtu aliyetoka juani.

"Nyanya," Saru akasema nyuma yangu. "Tangu ulipoingia nakuuliza unataka nini. Hujaniambia bado."

Nikatia mkono kwenye mfuko wa aproni, maana nilikuja nayo vile vile tangu Jumamosi, sikuwa nimeivua. Nikaitoa simu yangu, nikaiweka kwenye kiganja chake.

"Nilitaka unipigie," nikamwambia. "Nilikuwa nimeketi naye. Nilitaka unipigie simu akiwa bado anamenya viazi."